Gundi Nyuma ya Pazia

Wiki iliyopita tulimwacha Émerance amesimama mlangoni mwake, mtaani Kamalondo, akiwaaga akina mama wa shirika lao la sala huku mashavu yakimwuma kwa kujilazimisha kutabasamu. Kwa waliosahau nitakumbusha haraka, maana mambo ya leo ni mengi na ni mabaya.

Ilikuwa zamu yake kuwapokea majirani kwa sala. Kitambaa cheupe mezani, mshumaa, msalaba, Biblia imefunguliwa. Katikati ya somo mende mmoja mnene akapanda kile kitambaa, akapita mbele ya mshumaa bila haraka kama mtu aliyealikwa, akaingia chini ya Biblia. Hakuna aliyefungua mdomo. Na katika ukimya ule, Émerance, mjane mwenye heshima zake, mama ambaye watu wa avenue, mtaa wake, humwita awapatanishe wanapogombana, akajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Ile inatokaka kwa Régine. Siye na yeye ukuta njo moya."

Kweli ukuta ni mmoja. Nyumba yao ni moja ya zile ndefu za zamani, walizoishi wafanyakazi wa reli, iliyokatwa katikati: upande huu Émerance na binti yake Sephora, upande ule Régine peke yake. Siku hiyo Régine hakuwapo kujitetea. Alikuwa barabarani akikaanga mikate yake ya kuuza.

Huyu Régine, wasomaji wangu, ndiye aliyelala chini mkekani pamoja na Émerance kilio chote cha marehemu mume wake. Wengine walilia, wakala, wakaenda. Yeye alibaki mpaka viti vya kukodi vikarudishwa.

Basi lile neno likatembea. Wala halikwenda mbali; lilizunguka avenue tu, likarudi na Régine mwenyewe, sufuria ya mikate kichwani, mikate imejaa vilevile kama alivyotoka nayo. Yeye humwita Émerance 'Yaya', dada mkubwa.

"Yaya Émerance, siyue nini inapita. Bantu banapita tu pa mikate yangu. Kuna mama moya alivuta mutoto wake mukono, akasema, 'Pale hapana, iko mende.' Mende gani, Yaya?"

"Achana nabo," Émerance akasema, akiinamia ndoo ambayo haikuwa na kitu ndani. "Bantu ba hii avenue banasemaka mingi."

"Mais nani alianza?"

"Nitajua wapi?"

Régine akacheka, akampa mikate mitano ya bure, maana ingelala. Émerance aliipokea. Sephora aliila. Yeye mwenyewe hakugusa hata mmoja.

Angeweza kusema siku ileile, na hadithi yetu ingeishia hapo. Lakini jioni Sephora aliingia na habari.

"Mama, kwa kina Bénit banakuya samedi. Bote. Papa yake, Mama yake, batantine."

Bénit ndiye kijana anayemtaka Sephora. Mtaratibu, ana macho ya kusikiliza. Familia yao ni Wanande, walitoka Butembo na biashara yao, na sasa wana dépôt kubwa, ghala la kuuzia bidhaa, mjini na nyumba kule Golf, mtaa wa wenye uwezo. Mama yake, ambaye kila mtu humwita Mama Shalom kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, mtu wa kanisa, na nyumba yake ina sakafu nyeupe ambayo Émerance, siku aliyofika pale, aliogopa kuikanyaga.

Sasa mwenye sakafu ile alikuwa anakuja, Jumamosi, kukaa kwenye viti vya Kamalondo.

"Samedi hii?" Émerance akauliza.

"Njo hii."

Usiku ule alimwaga dawa ya kupuliza mpaka wote wawili wakalala wakikohoa. Asubuhi mende walikuwa hai na wao ndio waliokuwa wagonjwa.

Kesho yake Sephora akarudi na pakiti iliyofungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kadibodi bapa, kila moja imefunikwa kwa karatasi laini. Ukiibandua ile karatasi, chini yake ni gundi tupu, nzito, inayong'aa.

"Hii njo nini?"

"Colle ya mende, Mama. Unafungua, unaweka chini. Akipita, anabakia. Haina harufu, haina poison. Hata buibui inakamata."

"Ulitosha wapi, ulipata kwa nani?"

"Muntu alinipa."

"Muntu gani?"

"Mama, unataka mende ama unataka muntu?"

Jibu la adabu mbovu, lakini Émerance hakuwa na nafasi ya kurekebisha adabu. Aliziona zile kadibodi akaona wokovu. Tena aliona zaidi ya wokovu. Aliona ushahidi.

"Weka mingi ku ukuta ya Régine," akaamuru.

"Mama, juu ya nini ku ukuta ya Régine? Ule muntu alinifasiria: mende hatembeaka katikati ya nyumba, anafuataka kando-kando. Tuweke fasi yote. Nyuma ya frigo, chini ya buffet, ku mulango ya cuisine. Kisha kesho tutaona kwenye inajaa. Kwenye inajaa njo kwenye banatoka."

"Nilisema ku ukuta ya Régine."

Wakapatana: mitego mingi ukutani kwa Régine, mmoja nyuma ya friji, mmoja chini ya lile kabati kubwa la vyombo ambalo wenyewe huliita buffet. Buffet ile ni ya ukoo. Baba mkwe wake aliinunua enzi za reli, mume wake akairithi, na ndani yake Émerance huweka vyote asivyoweza kutupa: sahani za harusi, nguo za marehemu, makaratasi na makasha ya tangu zamani. Haijawahi kusogezwa. Iko ukuta wa upande mwingine kabisa, mbali na Régine.

Asubuhi aliamka kabla ya binti yake na kwenda kutazama.

Ukutani kwa Régine: buibui mmoja, mbu kadhaa, sisimizi aliyepotea njia. Akaenda wa pili, wa tatu. Vilevile. Mitego ilikuwa safi, ungeweza kuirudisha dukani.

Akapiga magoti mbele ya buffet, akauvuta ule mmoja.

Gundi haikuonekana. Walikuwa wamelala mende juu ya mende, wakubwa, wadogo, na watoto wao weupe waliozaliwa labda usiku uleule, wengine bado wanatikisa ndevu. Na wote vichwa vyao vilielekea mbali na buffet. Walikuwa wakitoka nyumbani kwao, kwenda matembezini.

 Émerance akafanya kile ambacho bado kinanitia uchungu mimi ninayewasimulia: aliuchukua mpaka uani, akautia katika mbabula, juu ya makaa, akasimama hapo akiziba pua mpaka ukawa majivu.

"Mama, inanuka nini?" Sephora akatokea, kitenge begani.

"Hakuna."

"Chini ya buffet hakuna tena carton."

"Nilishatosha."

Sephora akaitazama mbabula, akaitazama mitego mitupu ya ukutani. Si mjinga yule mtoto.

"Basi banatoka kwetu, Mama. Na weye ulisema ku shirika..."

"Najua nilisema nini."

"Uende kumuambia Yaya Régine. Bantu habanunue tena mikate yake."

"Nitamuambia. Kisha bageni bakienda. Unataka nianze kutangaza mende ya nyumba yangu, na bakwe banakuya?" Akashusha sauti. "Sephora, ni juu ya ndoa yako. Fungia kinywa mpaka samedi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Wakaweka mtego mpya chini ya buffet, na mwingine, na mingine chini ya viti na nyuma ya mlango. Yote ikajaa. Sasa mnajua anachojua Émerance, na mnajua tangu lini anakijua. Likumbukeni hilo, kwa sababu Ijumaa alikwenda kugonga kwa Régine, na hakwenda kuomba msamaha.

"Régine, kesho unisaidie kupika. Sombe yako hakuna muntu anaiwezaka hapa."

"Yaya, unaniomba? Sephora njo mutoto yangu pia!" Régine akapiga makofi. "Nitakuya na sufuria yangu kubwa."

Émerance akarudi kwake haraka, kama mtu aliyeiba.

Jumamosi ikafika. Kwao, upande wa kaskazini wa Katanga alikotoka ukoo wake, mama wa msichana haketi sebuleni na wakwe. Hubaki nyuma mpaka aitwe, na akiitwa huingia kwa magoti. Na kijana anayeoa hasemi na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hakanyagi jiko lake. Ndiyo heshima ya ukwe. Bénit, ingawa kwao desturi ni nyingine, alikuwa amejifunza yote hayo kwa Sephora na kuyashika vizuri kuliko vijana wengi waliozaliwa nayo.

Magari yaliposikika nje, Émerance alikuwa anapangusa viti kwa mara ya mwisho sebuleni. Jicho lake likaangukia chini ya kiti: ncha ya kadibodi. Mitego! Alikuwa ameisahau mitego!

Akainama, akaikusanya upesi chini ya viti na nyuma ya mlango, akikunja uso kila kitu kilipotikisika. Jikoni palikuwa pamejaa sufuria za Régine. Nje wageni walikuwa tayari wanavua miwani. Akafunua pazia la kolido ya kwendea jikoni, akaisukuma yote sakafuni nyuma yake, akaliachia pazia, akakimbilia jikoni kujifunga kitenge chake kipya.

Umeme haukuwapo. Kolido ilikuwa giza la saa zote.

Basi wageni wakakaa. Léonard, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimama kusema upande wa msichana. Salamu zikaenda, zikarudi. Papa wa Bénit akasema kwa upole kilichowaleta. Na Émerance, ambaye hakuweza kukaa jikoni bila kusikia, alinyata kolidoni, akapiga magoti nyuma ya pazia, sikio likiwa karibu na kitambaa.

Ndiyo. Pale pale.

Alisikia binti yake akisifiwa. Alisikia Mama Shalom akisema, "Mutoto wenu tunamupenda. Iko na heshima, na hasemaka uongo. Kwetu ile njo ya kwanza." Machozi yakamlenga, yale matamu. Hakusikia kitu kikimshika magotini.

"Mama ya Sephora," Léonard akaita, "uye usalimie bakwe."

Akafunua pazia, akaingia kwa magoti kama alivyoingia mama yake siku yake, kichwa chini, mikono imekutana. Kitenge kilikuwa kizito kidogo. Akadhani ni upya wake.

Alifika katikati ya sebule ndipo akaona viatu vya wageni vinarudi nyuma chini ya viti. Akainua macho. Hakuna aliyekuwa akimtazama usoni. Akatazama wanapotazama.

Mtego mmoja ulikuwa umenata gotini, umesimama kama kibandiko cha jeraha, umejaa mende. Wa pili ulikuwa unaburutwa nyuma na pindo la kitenge. Katikati yake buibui mwenye miguu mirefu alikuwa bado anajivuta, na alikuwa amefanikiwa kutoa mguu mmoja, akiupungia wakwe.

Tantine mmoja, shangazi wa Bénit, akaziba mdomo. Haikujulikana ni kichefuchefu au kicheko. Sephora alikuwa amesimama na glasi za maji, asijue pa kuziweka.

Wasomaji wangu, kuna aibu zinazompata mtu, na kuna aibu anazozitengeneza mwenyewe. Mpaka hapo ilikuwa ya kwanza. Émerance angecheka, wangecheka. Angesema, "Bakwe, kwetu iko mende, munisamehe," na ingekuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Mama Shalom akainama, akaubandua ule wa pindoni kwa vidole viwili. Uso wake haukubadilika. Akaugeuza, akatazama chini ya kadibodi, kisha akauliza kwa upole:

"Mama, hii ni ya hapa kwenu?"

"Hapana!" Neno likatoka lenyewe, lilikuwa limeshajizoesha. "Haiko ya kwetu. Ni ya jirani, ni ya Régine. Nyumba yake iko na mende mingi, tunateseka naye, anatuwekeaka bile bintu ku mulango..."

Akanyamaza, kwa sababu upande wa jikoni palisimama Régine mwenyewe. Kichwani kitambaa kizuri alichovalishwa na Émerance asubuhi, mikononi sinia, na sinia lilikuwa na sombe ya majani ya muhogo, kuku, na bukari, yaani ugali, inayofuka moshi.



Régine akamtazama Émerance. Akaangalia wakwe. Kisha akamtazama Sephora, gauni lake jipya, glasi mikononi. Akaliweka sinia mezani taratibu, akapiga magoti.

"Ni kweli, Mama. Ni yangu. Munisamehe sana."

 Émerance alitaka kusema. Nawaapia alitaka. Lakini mdomo uliokuwa mwepesi kwa uongo ukawa mzito.

"Na hii chakula," Mama Shalom akauliza, "nani alipika?"

"Ni miye, Mama."

 Mama Shalom alirudisha tu mkono wake uliokuwa umeanza kunyooshwa kuelekea sahani. Na Léonard, kwa kutaka kuokoa siku, akasema lile ambalo halikupaswa kusemwa:

"Mama Régine, tosha bile bisahani. Urudishe nyuma."

Régine akalibeba sinia lake alivyolileta.

Jikoni Émerance alimkuta amevua kile kitambaa cha kichwa, anakikunja. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia.

"Régine..."

"Sombe ingine iko ku moto, Yaya. Uangalie isiungue."

Akatoka kwa mlango wa uani, akaiacha hata sufuria yake.

Na Émerance akaiangalia sombe. Ndiyo, aliiangalia. Alishika mwiko akawa anakoroga, mtego bado uko gotini, huku sebuleni sauti zimeanza tena kwa adabu. Papa wa Bénit aliuliza habari za kazi ya Léonard. Ndoa haikuwa imevunjika. Mambo yalikuwa yanapona. Hilo ndilo lililomfanya ajichukie: aliposikia mambo yanapona, moyo wake ulitulia.

Kivuli kikaziba mlango wa uani.

"Hodi, Mama."

Alikuwa Bénit. Alisimama nje ya kizingiti, amelielekezea jiko mgongo wote, uso kwenye ukuta wa ua, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Émerance akageuka naye upesi, akautazama moshi. Hivyo ndivyo walivyosemezana kwa mara ya kwanza maishani mwao, migongo ikitazamana.

"Mama, unisamehe, najua haifai mimi kufika hapa. Ile colle ni mimi nilimupa Sephora. Nilitosha ku dépôt ya Mama."

Mwiko ukasimama.

"Sephora aliniambia mambo ya mende, nikacheka. Hata kwetu Butembo tulikuwa nayo, Mama, ilikuwa inaingia mu viatu. Mimi sikuona haya. Nilitaka tu usipate pressure." Akashusha sauti. "Mais Mama yangu anajua kartoni zake. Chini kuna alama ya dépôt. Uliona aligeuza? Mama yangu hageuzaka kitu bure."

"Aliisha kukuuliza?"

"Bado. Akiniuliza, siwezi kumudanganya. Njo maana nimetoka, asinikute karibu." Bado hakugeuka. "Ule mama aliyepika, nyumba yake iko wapi? Niende kumuomba msamaha?"

Haya ilimshuka Émerance kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo. Kijana wa watu, asiyemkosea mtu, ndiye anayetafuta mlango wa kuombea msamaha.

"Rudia mu salon, mwanangu," akasema. "Ile mulango ni yangu."

Akaubandua mtego gotini. Ulichukua kipande cha rangi ya kitenge. Akavuka uani.

Mlango wa Régine ulikuwa wazi. Ndani palikuwa safi, chini pamefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na juu ya kigoda sufuria ya mikate ambayo haikununuliwa. Régine alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

Émerance hakuketi.

"Mende inatoka kwangu. Mu buffet ya marehemu. Ku ukuta yako hakukuwa hata moya."

"Najua, Yaya. Mimi ninalalaka hapa. Ningeiona."

"Ni mimi nilisema jina yako ku shirika."

Hapo Régine akainua uso. Lile hakulijua.

"Weye?"

"Ni mimi."

"Mikate yangu... Yaya, ni weye?" Akaitazama sufuria ile, kisha akamtazama mwenye kuipokea ile mitano ya bure. "Na siku uliniomba nikupikie, ulikuwa ulishajua ya kwamba ni yako?"

"Nilikuwa nilishajua."

"Na ulinivalisha kitambaa, unaniambia sombe yangu hakuna anayeiweza."

Émerance hakuwa na pa kuuweka uso. Akapiga magoti sakafuni kwa Régine, na magoti haya hayakuwa ya desturi yoyote.

"Nisikie muzuri," Régine akasema mwishowe, sauti imepasuka. "Nilisema ni yangu juu ya Sephora. Hapana juu yako. Yule mutoto nilimubeba mu mugongo. Mais miye siwezi kuishi hapa na ile jina. Unataka msamaha yangu? Simama. Tunarudi. Uiseme mbele yao, na miye niko pale nasikia."

"Nitasema."

"Yote?"

"Yote, Régine. Ku shirika pia. Hata ndoa ikipotea."

Alimaanisha. Nataka mlijue hilo, kwa sababu ya kilichofuata. Walivuka uani pamoja, wakapita jikoni ambako sombe ilikuwa imeshaungua, wakaingia kolidoni. Émerance mbele, Régine nyuma. Na moyo wa Émerance, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya sala, ulikuwa mwepesi. Alikuwa amepanga maneno: ni mimi, bakwe, ni mimi peke yangu, binti yangu hahusiki.

Akaunyoosha mkono kwenye pazia, akasikia sauti ya Mama Shalom.

"Sephora, mwanangu, kaa hapa karibu yangu. Nikuulize kitu moja tu. Ile colle, ni ya ule jirani kweli?"

Nyuma ya pazia Émerance alikaza meno. Sema hapana, mtoto. Sema hapana. Lakini ni nani aliyemwambia afunge kinywa mpaka Jumamosi? Na leo ilikuwa bado Jumamosi.

"Ndiyo, Mama," Sephora akasema.

"Sawa vile mama yako amesema?"

"Sawa vile Mama alisema."

"Unaweza kuapa?"

Kiti kikalia. Kilikuwa cha Bénit, aliyekuwa ameketi akijua ukweli wote, na sasa akimtazama mchumba wake.

"Naapa, Mama," Sephora akasema kwa sauti ndogo. "Mbele ya Mungu. Haiko ya kwetu."

Mkono wa Émerance ukabaki hewani. Akisema kweli sasa, amemfunua binti yake mbele ya watu ambao sifa ya kwanza waliyomsifia ni kwamba hasemi uongo. Akinyamaza, Régine anarudi ng'ambo ya ukuta na lile jina, safari hii kwa kiapo. Akageuka. Katika lile giza aliona macho ya Régine tu. Régine naye alikuwa amesikia kila neno, na hakusogea.

"Yaya," akanong'ona. Basi.

"Mama ya Sephora!" Léonard akaita kwa furaha kutoka sebuleni. "Uye, bakwe banakuita tena."

Émerance akapapasa sakafu kwa kiganja kwanza, ndipo akapiga magoti. Akafunua pazia.

Sephora alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la gauni. Bénit alikuwa amesahau desturi, anamtazama mama mkwe wake usoni. Mama Shalom alikuwa ameushika ule mtego mapajani, umegeuzwa chini juu, na kidole chake kimekaa juu ya alama ya dépôt.

"Karibu, Mama," akasema kwa upole uleule. "Mutoto wako alishaapa. Sasa tunakungojea weye."